Benki ya Kuni

Fomu ya wafadhili imefika, kurasa kumi na moja.
Inauliza: mmenufaisha kaya ngapi?
Nimeandika sitini na mbili.
Nikafuta.

Huku kwetu, kaskazini mwa Maine, baridi haibishi hodi.
Huingia na viatu vyake, ikakalia kiti cha mgeni,
na ikishakaa Novemba haiondoki
mpaka Aprili iione haya.
Mafuta ya kupashia nyumba huuzwa kwa galoni,
na galoni haijui nani kafiwa,
nani kaachishwa kazi siku kiwanda cha karatasi kilipofunga lango
kwa kufuli jipya. Bado linang'aa.

Basi tuna banda nyuma ya kituo cha zimamoto.
Bati la paa alitupa mwenye ghala la viazi.
Tuna shoka nne, mashine moja ya kupasulia
inayokohoa kama mvutaji sigara wa siku nyingi,
na kopo la kahawa ambamo apendaye hutia dola,
asiyependa huchukua skrubu.

Jumamosi ndiyo siku.
Delphine Pelletier, muuguzi mstaafu, hupanga kuni
kama alivyotandika vitanda vya wodi, kona kwa kona.
Mapacha wa Ouellette waliletwa na hakimu:
saa arobaini, kwa kuvunja vioo vya shule.
Saa zao ziliisha Oktoba.
Bado wanakuja. Hawajasema kwa nini,
nasi hatujauliza.
Na Armand Thibodeau, miaka sabini na mitatu,
hushusha shoka mara moja tu
gogo likafunguka kama kitabu kilichozoea ukurasa ule.

Wa kwanza kufika, wa mwisho kunawa.
"Wapelekeeni wenye shida," husema,
akijaza gari la mwenzake, la kwake likibaki tupu.

Katikati ya Januari hakuja.
Nikaenda kumwangalia. Bomba lake la moshi lilikuwa bubu.
Ndani, makoti mawili, glavu, na kikombe
kilichokwisha acha kutoa mvuke.
Kiti kimoja mezani. Vile vitatu vingine
niliviona jikoni, misumari tu, ndani ya majivu.
Chumba cha watoto hakina tena mlango;
bawaba zimeshika hewa.

Mganga hajigangi, wamesema waliosema.
Neno lilinifika ulimini, likaganda.
Nikatoa uongo badala yake:
"Armand, tumezidiwa. Banda limejaa pomoni,
theluji inalielemea paa. Tunatafuta pa kuhifadhi.
Baraza lako lingetufaa."
Akanitazama.
Hesabu ya banda lile anaijua kunishinda.
Nje kipande cha barafu kilikatika ukingoni mwa paa.
"Kama ni kuwasaidia ninyi," akasema.

Usiku mapacha walileta shehena mbili, taa za gari zimezimwa.
Delphine akafuata nyuma, eti kunyoosha kona.
Hapakusainiwa kitu.

Sasa wafadhili wanataka picha:
mnufaika mmoja, anayetabasamu, na ridhaa yake kwa maandishi.
Wana safu mbili, mtoaji huku, mpokeaji kule,
weka alama panapohusika.
Ni watu wema, siwasemi vibaya;
pesa zao ndizo zilizonunua mnyororo wa msumeno.
Ila huko waliko vyumba hupata joto kwa kubonyeza ukutani,
na ukuta haukuulizi jina.

Nimeandika: kaya sitini na moja.
Ukurasa wa tisa, chini ya "Michango isiyo ya fedha":
nafasi ya kuhifadhia kuni, baraza moja,
kwa hisani ya A. Thibodeau.

Jumamosi iliyofuata alinitangulia bandani, shoka begani.
Alikuwa na malalamiko.
Zile kuni tulizomwekesha, alisema, zinapungua,
na haelewi.
Labda panya.