Fundi wa Mabawa

Mtaa ninaokaa hapa Tanga unaitwa Mabawa.
Sikuuchagua kwa jina. Kodi ilikuwa nafuu,
na mwaka niliostaafu mafao yalichelewa.
Majirani hucheka: fundi wa ndege kahamia Mabawa.
Nami hucheka nao, huku nakaza nati
ya baiskeli ya mtu.

Jana mjukuu wangu Kidawa kaja na daftari.
Mwalimu kawapa swali: "Jeshi la anga lina kazi gani?"
Kaacha mistari kumi.
Mistari kumi! Mimi nilitia saini
mia tisa na kumi na mbili kwenye vitabu vya ndege,
kila moja ikisema "iko tayari",
na hadi leo kuna moja sijamaliza kuisoma.

Andika kwanza: ina kasi.
Rubani Shekilindi alikunywa chai kwetu alfajiri,
na kabla majani hayajatulia chini ya birika
alikwishavuka mito ambayo askari wa miguu
wangeivuka kwa siku nne, bunduki kichwani.

Andika: inaona. Aliporudi na picha
tulizitandaza mezani mbichi, zinanuka dawa,
na magari ya adui, yaliyofunikwa migomba,
yakajisema yenyewe kwa vivuli.
Hakuna mgomba wenye kivuli cha magurudumu.

Andika: inabeba. Hili lipigie mstari,
maana watu husifu bomu wakasahau gunia.
Tulipeleka unga, betri, damu ndani ya barafu,
tukarudi na majeruhi wamelazwa sakafuni.
Mmoja alinishika suruali, akauliza
kama hapa ni Tanga. Nikamwambia ndiyo.
Hapakuwa Tanga.

Sasa geuza ukurasa.

Mwewe akipita, uwanja mzima hunyamaza.
Mama kuku hutandaza mabawa, vifaranga huingia.
Lakini umewahi kuona mwewe akalala bandani?
Ananyakua, anatisha, anakwenda zake,
na banda linabaki la mwenye kusimama ndani yake
kwa miguu.

Ndege haibishi hodi ikauliza jina.
Kwa juu, shule na ghala ni bati lile lile.
Tena inakula: saa moja ya kuruka
ni mafuta ya trekta zote za mkonge, Pongwe hadi Muheza,
na ikishashiba inataka spea
zilizokwama bandarini, kwenye meli ya watu.

Na kuna wingu.

Shemeji yangu Shehoza alikuwa kilimani na wenzake thelathini.
Waliomba ndege kwa redio.
Ndege ilikuwa tayari, saini yangu ile pale,
injini safi kama sahani ya harusi,
rubani keshajifunga mikanda.
Wingu likakaa juu ya kilima
kama haya yanavyokaa Usambara mwezi wa nne,
halina haraka, halina cheo, halipokei amri.
Redio iliita mara nne.
Tulingoja iite mara ya tano.

Dada yangu hakuniuliza habari za wingu.
Aliniuliza, ndege ilikuwa nzima?
Nikasema, nzima kabisa.
Akanitazama mpaka nikatamani ingekuwa mbovu.

Kidawa kahesabu. "Babu, imezidi."
Akafuta gunia, akafuta mwewe,
wingu akalifuta mara mbili, karatasi ikachanika kidogo.
Akaacha kasi na bomu.
Bomu sikumtajia mimi. Kalitoa wapi?
Akachora na ndege, nzuri, yenye moshi nyuma,
na chini yake hakuchora kitu.

Nje kuna mteja wa Makorora, kaja kuchukua baiskeli.
Inang'aa, mnyororo mpya, kengele inalia.
Breki ya nyuma haishiki vizuri.
Kashatoa hela, kaikunja mkononi.
Nimemwambia arudi kesho.
Haijawa tayari.