Kidole Gumba

Kesho jioni inaingia Siku ya Upatanisho,
na Mungu, mzee Zekaria ametukumbusha tena,
hufuta yaliyo baina yangu na Yeye.
Ya mama wa Kibosho hayagusi.
Hayo nimpelekee mwenyewe.

Naye mwenyewe alikufa masika.

Basi wazee wetu waliacha njia:
chukua watu kumi, simama kaburini, taja.
Arusha nzima, kutoka Soko Kuu hadi Njiro,
nilipata saba, mmoja kwa magongo.
Sisi hatuhesabu watu kwa namba.
Zekaria alituhesabu kwa mstari wa zaburi,
neno moja kichwa kimoja,
akafika neno la saba, mstari ukamkatikia mdomoni.
"Twendeni hivyo hivyo," akasema. "Mlimani kuna watu."

Kihamba kiko juu ya mfereji.
Buni zimeiva, hakuna aliyezichuma.
Kaburi la vigae vyeupe katikati ya migomba:
AIKARUWA, na mwaka mmoja tu, wa kufa;
wa kuzaliwa hakuna aliyeuandika.
Binti yake, Ndeanasia, alikuwa akikama.
Alituona. Akaendelea kukama.

Nikampa jani la isale nililolifunga fundo,
mikono miwili, kichwa chini,
kama nilivyofundishwa na muuza miche wa Majengo.
Mchaga hakatai isale. Hilo nililijua,
na kulijua kulininyima raha:
ni radhi gani hii, ya kuombwa kwa jani lisilokataliwa?

Akalipokea. Akamwita jirani mkata majani,
jirani akamwita mkewe,
naye akasimama, ndoo mkononi.
Zekaria akaanza upya mstari wake.
Neno la nane. La tisa. La kumi.

Vitabu vyetu huungama kwa wingi:
tumekosa, tumedanganya, tumeiba,
alfabeti nzima, na ngumi kifuani kwa kila herufi.
Pazuri pa kujificha, ule wingi.
Lakini pale ghalani Moshi hapakuwa na "sisi".
Nikasema: mimi, Saadia mwana wa Yihye,
niliulalia mkono wa mizani kwa kidole gumba hiki,
kilo mbili kila gunia, misimu minne,
nikakutazama usoni, Aikaruwa, nikakuuliza habari za watoto.

Nikapiga kifua. Ndipo nikaona:
ukikunja ngumi vibaya, kidole gumba huingia ndani.

Nilikuwa na bahasha.
Magunia thelathini na sita, kilo sabini na mbili,
kwa bei ya leo, na sehemu ya tano juu yake, ndivyo Torati isemavyo.
Ndeanasia hakuifungua. Akaingia ndani,
akarudi na daftari lililoliwa na mende.
Mwandiko wa mama yake, penseli:
*Nyumbani 61. Kwa Saadia 57.*
*Nyumbani 60. Kwa Saadia 56.*
Ukurasa kwa ukurasa.
Alikuwa akipima kwa mafungu, usiku,
kwa mizani ya zahanati, ile ya kupimia watoto.

Nne, si mbili.
Misimu sita, si minne.
Nilipanda mlima kuungama, nikaungama theluthi,
na iliyobaki sikuificha.
Niliisahau. Hapo magoti yakanilegea.

"Alijua," nikasema. "Mbona hakusema?"

"Mnunuzi wa barabara ya juu alipunja sita."

Mzee wa magongo akakohoa.
Jirani akatazama miguu yake.
Ndeanasia akatoa penseli nyuma ya sikio,
akaandika chini ya mwandiko wa mama yake
tarehe, kiasi, na neno *bado*.
Isale akalichomeka kwenye udongo, ukingoni mwa vigae,
sijui kwa ajili yangu au kwa ajili ya kaburi.

Kisha akaleta vikombe, akatumiminia maziwa ya moto,
akitupitia mmoja mmoja na kutuhesabu kwa namba,
kwa sauti, moja, mbili, tatu,
na Zekaria, ambaye angemkataza mtu yeyote,
akanyoosha kikombe chake, akawa wa nne.