Kiraka cha Ubavuni

Helve, mwezi wa pili walimnyoa paka wangu ubavuni
wakamtoa jiwe kibofuni, dogo, kama punje ya dengu.
Tartu ilikuwa imeganda, mto umekuwa barabara,
na nyumba hii unaijua:
moto wa kuni haufiki pembeni.

Manyoya yakarudi. Lakini si yale.
Pale palipokuwa na rangi ya maziwa
pameota kiraka cha kahawia, cha mraba,
kana kwamba mtu katia shati kiraka cha suruali.
Nikambeba hadi kwa daktari Tarmo:
Mmenibadilishia paka!

Akacheka, kisha akaniketisha.
Kila chembe ya paka huyu, alisema,
ina kitabu kilekile, herufi kwa herufi,
sikioni, mkiani, tumboni.
Ila kuna jeni moja ya rangi
ambayo kimeng'enya chake hulegea penye joto,
hushika kazi penye baridi tu.
Ndiyo maana pua ni nyeusi, na nyayo, na ncha za masikio.
Sisi tulimvua koti katikati ya majira ya baridi.
Ngozi ikahisi upepo, rangi ikaamka.
Hakuna kilichofutwa. Hakuna kilichoandikwa upya.

Na si hewa ya nje peke yake,
akaongeza, akinawa mikono:
homa, njaa, mimba, homoni za damu yenyewe,
zote hubisha hodi huko ndani.
Mlango huu hufunguka,
ule husubiri.

Nilirudi kwa miguu, nikikuwaza.
Yai moja lilitugawa.
Shangazi alikupakia meli ya kwenda Uswidi,
mimi nikabaki, nina surua.
Tulikuwa na miaka mitatu.
Wewe ulikunywa maziwa. Mimi nilitafuna maganda ya viazi.
Tulipokutana bandarini tukiwa wa miaka hamsini
ulinipita kimo kwa vidole vinne,
na mlango ulipobamizwa
ni mimi niliyeruka.

Mtoto wa nyoka ni nyoka, husema watu.
Sawa.
Lakini amelala wapi huyo nyoka,
juani, au chini ya theluji?

Daktari asema manyoya yakipukutika kiangazi
kiraka nacho kitakwenda zake.
Njoo kabla hakijafifia, dada.
Weka kiganja hapa, penye giza.
Utashangaa:
pana joto.