Saa Arobaini na Moja

Semina yaisha Ijumaa adhuhuri.
Jumapili, saa kumi na moja alfajiri, niwe uwanja wa ndege.
Kisia amejumlisha kwa kikokotoo cha duka:
saa arobaini na moja za Lyon.
"Toa za kulala," nikasema.
"Usilale. Utakuja kulala Mbale."

Ramani nimeitandaza juu ya meza ya jikoni.
Kona moja imeshikwa na mkebe wa majani ya chai,
ya pili na birika,
ya tatu na jiwe la kupondea pilipili.
Ya nne inajikunja. Acha ijikunje.

Miaka ishirini na mmoja nafundisha Kifaransa
katika darasa linalotazama majabali ya Maragoli.
Nimefunza wasichana kuuliza njia ya stesheni
katika mji usio na stesheni,
kuagiza mkate ambao mkono wangu haujaumega.
Rhône ni wa kiume, niliandika ubaoni,
Saône ni wa kike.
Kadenyi akanyoosha kidole:
"Mwalimu, nani aliichungulia?"
Kwetu mto ni mto. Hauvai rinda.
Na usiku, mwingine, tunaulalia.

Sasa niseme la moyoni.
Kulikuwa na mvua, kipindi cha mwisho, kidato cha pili,
mabati yakinguruma hata chaki haisikiki.
Mideva akauliza kwa sauti ya juu:
"Mwalimu, wewe umewahi kufika?"
Ningejibu la.
Lakini ulimi wangu ulishazoea ile la ya Kifaransa,
isiyokataa kitu.
Nikasema nimefika.

Na uongo ni mgeni: ukishaketi, hutaka chai.
Nikauandalia daraja jekundu la waendao kwa miguu,
duka la mkate lenye mlango wa buluu,
bibi muuza vifungo, paka mapajani,
na ngazi mia mbili nilizozipanda nikihesabu.
Kengele ikalia.
Walikuwa wameandika yote daftarini.
Nikasahihisha.
Nikatia vema, kwa kalamu nyekundu.

Mpango wa Kisia umeandikwa kwa wino:
kanisa la kilimani, saa moja na nusu;
vichochoro vya wafuma hariri, dakika hamsini;
picha mahali mito miwili inapokutana,
usifumbe macho.
Wangu uko pembeni, kwa penseli hafifu:
daraja, mlango, paka, ngazi.

Daraja lipo.
Nililikuta katika kitabu maktabani Kisumu, jekundu hasa,
nikatetemeka kama mtahiniwa aliyebahatisha jibu.
Ngazi hazitanishinda; mji wenyewe una vilima.
Nitapanda, na nikifika mia mbili
nitasimama papo hapo, hata ziwe zinaendelea.
Mlango bado sijaupata.
Paka, hata kama aliwahi kuwapo,
ameshazikwa zamani.

Jana, sokoni Chavakali, penye mafungu ya ndizi,
mtu alinishika kiwiko.
Mideva. Muuguzi sasa, saa imebanwa kifuani.
"Nasikia unarudi Ufaransa, Mwalimu."
Unarudi.
Nikaitazama ndizi kana kwamba naijua bei yake.
"Nisalimie yule bibi wa vifungo."
Akapekua mkoba, akatoa kimoja,
cheusi, chenye ufa, cha koti la marehemu mama yake.
"Koti zima limebaki likisubiri kifungo hiki.
Muulize kama anacho kinachofanana."
Nikakipokea.
Ningefanyaje? Nilikipokea kwa mikono miwili.

Usiku huu kimekaa juu ya kona ya nne,
na ramani imetulia.
Kisia amevaa miwani, kalamu sikioni,
anakigusa kwa ncha ya kidole.
"Na hapa? Hapa nipange dakika ngapi?"

Andika saa moja, namwambia.
Hapana.
Andika mbili.