Saa ya Patroni

Saa ya ukutani pale ghalani
inatangulia dakika saba.
Sote tunajua. Redio ya mlinzi inajua,
hata kengele ya kanisa, kule Katuba, inajua.
Lakini daftari la kuchelewa limefunguliwa chini yake,
na kalamu nyekundu imefungwa kwa uzi
isije ikatoroka kama Numbi.

Mwezi wa saba, Lubumbashi, baridi inaguguna mifupa.
Tunafika na vumbi jekundu kwenye kope,
tunasaini: Mwepu, dakika nne. Mama Kapya, sita.
Mimi, mbili.
Dakika zinakatwa kwenye mshahara,
na mshahara wenyewe bado ni wa mwezi wa nne.

Patroni hafoki. Afadhali angefoka.
Anasimama nyuma yako unapohesabu magunia ya unga
mpaka hesabu ikupotee mdomoni,
kisha anauliza, polepole: «Ulisomea wapi, wewe?»
Na wenzako wanacheka.
Nami nilicheka, zamu ya Mwepu ilipofika.
Nilicheka vizuri tu, kwa meno yote.

Jumanne Mama Kapya aliomba nusu siku:
mtoto amelazwa, homa, degedege.
Patroni akatazama saa.
«Nani atambebea kazi yake? Anyooshe mkono.»

Tulikuwa kumi na mmoja.
Mikono ishirini na miwili,
yote imezoea gunia la kilo hamsini.
Nikaangalia viatu vyangu.
Unga ulikuwa umejaa kwenye matundu ya kamba.
Nikauangalia sana ule unga,
kama mtu anayesoma barua.

Mtoto alipona. Nasema mapema
usije ukadhani kifo tu ndicho kinachohesabiwa.
Mama Kapya alirudi, akasaini dakika sifuri,
akatusalimu mmoja mmoja, kwa majina.
Langu alilitamka sawasawa.
Sikuweza kuitikia.

Leo nimefika kabla mlinzi hajazima taa.
Nimepanda juu ya gunia,
nimerudisha mshale nyuma, dakika saba,
kidole kikitetemeka.
Si mapinduzi. Kesho atausogeza tena.
Na kwenye kioo kimebaki kidole changu, cheupe,
chenye mistari yake yote.

Mwepu akaingia anahema.
Akaitazama saa. Akanitazama mkono.
Hakucheka.
Akapanda gunia lilelile,
akafuta kioo kwa mkono wa shati,
akashuka, akaketi,
akatoa karanga mfukoni.

Tulikuwa na dakika saba.
Hatukujua la kuzifanyia.