Kisanduku cha Vendelín

Kabla ya salamu aliuliza bei.
Nikamtajia. Akatazama mlango wa banda,
akatazama ukungu uliolalia bonde la Váh,
akasema: kwa pesa hizo ningeezeka nyumba upya.
Paa, nikamwambia, halikuonyeshi anayekuja.

Ndege yake ina umri wangu, arobaini na minne.
Nimelala chali chini ya dashibodi,
usukani ukinichoma mbavu, tochi menoni,
nafungua skrubu ambazo fundi wa mwisho kuzigusa
aliziachia tone la rangi nyekundu, na unywele.
Nyuma ya kisanduku: vumbi, nyigu mkavu,
tiketi ya tramu ya Košice.

Transponda ya zamani ni mwana aliyefunzwa adabu:
haisemi mpaka iulizwe.
Rada inabisha hodi, yenyewe inaitika
namba nne na kimo, basi, kimya.
Lakini kwetu milima imesimama mlangoni.
Hodi inagonga mawe ya Fatra
na kurudi ilikotoka.

Ndivyo ilivyokuwa Septemba iliyopita:
glaida nyeupe ikachomoka kwenye wingu jeupe,
Vendelín akaona kofia ya rubani,
ya sufu, ya kijani, yenye kishungi kama ya mtoto,
kisha hakuona kitu kwa sekunde
ambazo mpaka leo hajamaliza kuzihesabu.

Hayo hakuniambia yeye. Ni mkewe, Otília,
aliyelipa nusu kwa pesa za asali
na kunikataza nisiseme.

Siku mbili. Antena mpya tumboni;
nikapangusa mafuta, nikakwangua rangi
hadi bati likang'aa,
maana umeme nao hukataa kukaa pachafu.
Hii mpya haingoji hodi.
Kila sekunde, bila kuulizwa, hujitaja:
nipo, kimo changu hiki, naelekea huku.
Nipo. Nipo.
Kama jirani anayekohoa gizani asije akakushtua.

Jumamosi tukaruka, mimi kiti cha kulia.
Kwenye kioo kidogo kama kiganja
zikachipuka pembetatu: moja, tatu, saba.
Moja chini yetu. Moja nyuma ya Kriváň.
Nje ya dirisha, buluu tupu.
Akatazama kioo, akatazama nje, akarudi kwenye kioo.
"Wote hawa," akasema, "wamekuwapo siku zote?"

Sikujibu. Nilikuwa nautazama mkono wake
ulioganda juu ya swichi.
Miaka thelathini alipanda huku asionwe,
si na daktari, si na kamati ya klabu.

Redioni, sauti ya kijana, changamfu mno:
"Mzee Vendelín! Nakuona! Umeamkaje?"

Akanong'ona tusi la kijijini kwao.
Mkono ukarudi kwenye usukani.
Kisha, kama mtu anayelipa deni kwa sarafu ndogondogo,
akabonyeza kitufe: "Nami nakuona.
Bado unavaa ile kofia?"