Kokoto

Kabati la mama lina glasi kumi na mbili
ambazo hazijawahi kuguswa na midomo,
birika la umeme, utepe wake haujafunguliwa,
blanketi ndani ya nailoni,
na saa ya ukutani inayongoja ukuta.
"Za wageni," husema.
Nasi tulionunua, tukija,
tunanyweshwa chai kwa vikombe vya bati.

Ndiyo maana mwaka huu, akitimiza sabini na nne,
nilisimama kidete, mimi kitindamimba,
nikawaambia ndugu zangu kwa simu: vitu, basi.
Tumpe siku. Siku nzima, sote, pamoja naye.
Mwakio, kutoka Doha, akaniuliza
siku inauzwa duka gani,
na ikiharibika inarudishwa wapi.
Yeye alitaka kiti, kile cha kulaza mgongo;
fundi wa Gikomba alikwisha kumpigia hesabu.
Wakesho akasema lolote, mradi mchango usizidi elfu tatu,
karo ya Januari haina ndugu.
Tukapiga kura. Nilishinda kwa kura moja,
ya mume wa Wakesho,
ambaye hata hakuwa ameulizwa.

Tukampeleka makumbusho ya reli,
nyuma ya stesheni, ambako injini kuukuu
zimelala nyasini kama ng'ombe walioshiba.
Baba alikuwa mtu wa reli. Makongeni tulikozaliwa
tulijua saa kwa honi.
Mama alishika chuma cha behewa la mizigo, akapanda
kabla hatujawahi kumpa mkono,
akageuka pale mlangoni, akasema
kwa sauti ya msichana tusiyemfahamu:
"Alinificha ndani ya moja kama hili.
Voi hadi Nairobi, bila tiketi,
nyuma ya magunia ya mkaa.
Nikashuka mweusi hadi meno.
Shangazi yake akaniosha mara tatu
ndipo akajua ameletewa nani."

Miaka hamsini, na hatukuwahi kuisikia hiyo.
Wakesho alicheka hadi akaketi majanini
na sketi yake ya kanisani.
Mvua ikatukimbiza, tukabanana humo behewani
tukila viazi karai vilivyopoa,
nami nikiwatazama mmoja mmoja
kama mtu aliyeshinda kesi.

Asubuhi yake nilimkuta jikoni
ameshika kokoto, kaitoa mfukoni mwa sweta.
"Nani kanitilia jiwe?"
Mama, jana tulikwenda. Reli. Behewa. Mkaa.
Akaniangalia kwa huruma,
kama aangaliwavyo mtoto asiyejua kudanganya.
"Ningekwenda," akasema, "ningekumbuka."

Tulikuwa tumeanza kujua. Tangu Pasaka:
chumvi mara mbili kwenye sufuria moja,
jina langu likipitia kwanza kwa Wakesho
kabla ya kunifikia.
Ila nilidhani furaha ina gundi.

Siku ile nilimpa nani, basi?

Mwakio hakunicheka nilipompigia.
Alinyamaza, nikasikia kiyoyozi cha Doha.
Kisha: "Acha nilipie kile kiti."

Kimekuja kwa mkokoteni, kikakwama langoni,
majirani wakakisukuma.
Kila jioni mama hukikalia, huuliza nani kakinunua,
na tukimwambia, humbariki Mwakio upya,
baraka nzima, tangu mwanzo, bila kupunguza neno.
Nina wivu. Sifichi.

Mimi humsimulia habari ya mkaa.
Hunisikiliza kama habari ya mtu wa mbali,
hucheka palepale kwenye meno,
halafu huuliza, kwa wasiwasi kidogo,
"Na huyo msichana, walimpokea vizuri?"
Walimpokea, mama.
"Afadhali."

Kokoto yenyewe haikuingia kabatini.
Ameitia chini ya mlango,
upepo wa alasiri usiubamize.